Ukurasa Mweupe wa Wapagazi

Nilimpa jina wiki ya kwanza, na jina likamganda: Mama Jedwali. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari moja kule Mkuu, Rombo, kabla ya kujifunza kutengeneza tovuti peke yake, kwa simu na kwa vitabu vya kudurufu. Kurasa zake alizipanga bado kwa majedwali, mistari na safu, kama watu walivyofanya mimi nikiwa chekechea. Siku aliyotuonyesha kazi yake ya kwanza niliinama kama mtoto mwenye adabu, nikamwambia, "Shikamoo, Mama Jedwali." Mchoraji wetu alicheka hadi akaweka kikombe cha chai chini.

"Marahaba, mdogo wangu," alinijibu, na yeye akacheka. Nilikichukua kile kicheko kama ruhusa.

Ofisi yetu iko Moshi mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo mwaka mzima tunanuka dawa ya kahawa. Tulikuwa wanne. Bosi anajua kuuza tovuti lakini hajui kuzisoma. Mchoraji ni msichana wa rangi na herufi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kurasa zote zinazoonekana. Na yeye alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, ambayo yakiisha bosi angeamua abaki au aende.

Maana ya kwenda alinieleza mwenyewe, mchana mmoja tukila ndizi nyama kwa mama ntilie wa chini. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Kwao ni Kirua Vunjo, lakini kihamba, yaani shamba la nyumbani na migomba yake, alikirithi mdogo wake wa kiume aliye kitindamimba, kama ilivyo kwetu Wachaga.

"Nikirudi pale ni mgeni wa kudumu," alisema. "Mgeni anayekata majani ya ng'ombe wa mwenye nyumba."

"Lakini ni kwenu, mama."

"Ni kwa mdogo wangu. Mimi hapa mjini nina chumba na ufunguo. Miaka arobaini na miwili, na huu ndio ufunguo wangu wa kwanza ambao hakuna mwingine mwenye pacha wake."

Nilimsikiliza kwa makini. Mimi naandika riwaya, kusikiliza nakujua. Jioni ileile niliinakili sentensi ya ufunguo kwenye daftari langu, nikaipigia mstari, nikaanza kufikiria ni mhusika gani nimpe.

Sasa lazima niseme kuhusu fremuweki, maana ndizo zilizonifanya nijione mrefu. Fremuweki ya kutengenezea tovuti ni nyumba ya kupanga yenye samani tayari: wengine wameshajenga kuta, wameshapitisha maji, wewe unaingia na nguo zako na masharti ya mwenye nyumba. Katika miaka mitano nimehama mara tatu. Kila nilipohama niliwacheka waliobaki kule nilikotoka jana. Watu wa kazi yetu husema wamehama kwa ajili ya kasi, au kwa ajili ya usafi wa msimbo, ile lugha tunayoiandikia kompyuta. Mimi ukweli wangu ni kwamba nilihama kwa aibu, kama kijana anavyoiacha suti ya kipaimara hata kabla haijambana. Nimewahi kuleta maktaba mia mbili, yaani mafurushi ya msimbo uliokwisha kuandikwa, za watu nisiowajua, wa mabara nisiyoyajua, ili kitufe kimoja kibadilike rangi taratibu. Nilikipenda kile kitufe. Nilimwonyesha mchoraji, tukakibonyeza kwa zamu.

Mama Jedwali hakuwa na fremuweki. Alikuwa na droo. Ndani ya droo aliweka simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni, na kila alipomaliza ukurasa aliitoa, akaenda nayo dirishani, akaufungua ukurasa wake kwa bando la bei ya chini kabisa na kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Akifika tano ukurasa haujafunguka, alirudi mezani kuondoa kitu: picha, mstari wa rangi, chochote kisichomsaidia msomaji. Halafu alirudi dirishani. Kuna siku alirudi mara tisa, na mimi nilihesabu naye kwa sauti ya darasani, kama wanafunzi wake, mpaka mchoraji akafunika uso.

Juu ya kila sehemu ya msimbo aliandika maelezo kwa Kiswahili, marefu, yenye nukta na mkato. *Hapa tunapanga majina kwa tarehe ya kupanda. Usiongeze kitu bila sababu. Ukibadilisha, jaribu kwanza kwa simu ya kwenye droo.* Nilimwambia msimbo mzuri haujielezi, kama mtu mzuri. Aliniuliza nimeisoma wapi hiyo. Sikuwa nimeisoma popote.

Kila Ijumaa tulikuwa na kawaida ya kuwasha projekta na kuweka kazi ya mmoja wetu ukutani ili wengine waikague. Bosi aliianzisha kwa nia njema. Mimi ndiye niliyeigeuza machinjio. Kwenye kikundi chetu cha waandishi, Jumamosi kwa Jumamosi, tunasomeana rasimu na kuraruana bila huruma, na anayelia tunamwambia fasihi si ya watu laini. Nilichukua kisu kile nikakileta kazini. Nilisoma msimbo wake kwa sauti ya mhubiri. Nilisimama kwenye kila jedwali kama kituo cha njia ya msalaba.

"Kituo cha nne," nilisema Ijumaa moja. "Jedwali linakutana na mama yake."

Bosi, ambaye ni mzee wa kanisa upande wa Walutheri, aliguna, "Wewe kijana, acha dini ya watu." Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama Jedwali alikaa mbele, kalamu mkononi, akiandika kila kosa nililolitaja. Mwishoni alinyoosha daftari na kuniuliza, "Hili la saba sijalielewa, mdogo wangu. Utarudia?" Nilirudia kwa haraka zaidi.

Akaanza kujifunza fremuweki. Hilo ndilo jambo lililokuja kummaliza. Alibaki ofisini saa za chakula, ameinamia masomo ya mtandaoni, akijaribu mifano midogo: orodha ya ndizi, mchare, ndishi, kisukari, na kitufe cha kuongeza nyingine. Kitufe kiligoma. Aliniita, "Njoo unione nilivyokwama." Nilikwenda, nikaona kosa mara moja, lilikuwa kwenye mstari wa tatu. Nikamwambia, "Liko humo humo, litafute. Ndivyo sisi tulivyojifunza." Halafu nikamtangazia mchoraji chumba kizima kisikie, "Mama Jedwali anahamia mjini! Kitufe bado kiko kwenye basi." Ofisi nzima ikajua kwamba anajaribu, na kwamba anashindwa. Nilihakikisha inajua.

Kazi yake ya majaribio ilikuwa ukurasa wa wapagazi. Mteja wetu alikuwa kampuni ya kupandisha watalii mlimani, na alitaka mahali ambapo wapagazi wataona kwenye simu zao nani yuko kwenye safari gani na afike getini siku gani. Asiyefika getini kwa wakati, nafasi yake inachukuliwa na yeyote aliyesimama pale nje na begi lake. Ndiyo maana aliukazania. Mdogo wake, yule mwenye kihamba, ni mpagazi. Alijua simu za wale vijana zilivyo, alijua bando zao zinaishia wapi. Ukurasa wake ulikuwa jedwali moja, majina meusi kwenye weupe, tarehe, geti, basi. Dirishani ulifunguka akihesabu tatu.

Mimi uliniudhi. Sina neno jingine. Ulikuwa mbaya, na ulifanya kazi, na mteja aliupenda.

Zilibaki wiki mbili bosi aamue. Jumamosi moja niliingia ofisini peke yangu asubuhi, mlima umekaa wazi dirishani hadi kwenye theluji, nikaukalisha ukurasa wake chini nikaujenga upya kwa fremuweki yangu. Majina yaliteleza kuingia moja moja. Ukigusa safari, ilifunguka kama ua. Nilitaka Jumatatu niuweke ukutani mbele ya wote na kusema: angalieni, hiki ndicho mlichokuwa mnakikosa. Sikumchukia. Nilitaka tu aone, na nilitaka waone akiona.

Kompyuta iliyoweza kujenga kazi nzito kama ile ilikuwa moja tu, ile ya mezani karibu na dirisha, ambayo Ijumaa yeye ndiye aliyeitumia mwisho. Hakuwa ametoka kwenye akaunti yake. Kila badiliko linalopanda kwenye seva hubeba jina la aliyeingia, kama sahihi chini ya barua. Niliona jina lake kwenye kona ya skrini. Niliona vizuri. Saa nane nilikuwa na kikundi cha waandishi, sura yangu ya sita ilikuwa inasomwa, na nywila yangu ni ndefu. Nikasema, si neno, Jumatatu nitaeleza mwenyewe. Nikabonyeza, ukapanda kwenye seva mahali pa ule wake. Niliujaribu kwa simu yangu mpya, nikafurahi, nikashuka ngazi. Droo sikuifungua.

Jumapili wapagazi walifungua simu zao wakakuta ukurasa mweupe. Simu zile hazikuweza kusoma lugha ya fremuweki yangu; zilisubiri, zikachoka, zikaonyesha weupe. Watu kumi na mmoja hawakufika getini Jumatatu asubuhi. Kumi na mmoja wengine, waliokuwa wamesimama nje, wakaingia.

Nilipofika ofisini bosi alikuwa ameshika simu mbali na sikio, na sauti ya mteja ilisikika hadi mlangoni. Alipokata aliomba aonyeshwe nani amegusa ukurasa. Mchoraji akafungua historia ya mabadiliko kwenye projekta. Jina la Mama Jedwali lilikaa ukutani kwa herufi kubwa, na saa, na siku ya Jumamosi.

Alikuwa amesimama karibu na droo yake. Mdogo wake alikuwa amempigia tangu jana. Hakuwa na kompyuta kwake. Alikuwa amekuja alfajiri akakuta mlango umefungwa, akakaa kwenye ngazi.

"Bosi, hii siyo mimi," alisema.

"Jina ni la nani?"

"Langu. Lakini Jumamosi sikuja. Na huu msimbo..." Aliusogelea ukuta, akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma kila kitu. "Huu msimbo mimi siwezi kuuandika. Hamnijui? Kitufe tu kimenishinda."

Mchoraji alicheka kidogo, kicheko cha mazoea. Na bosi akasema, kwa upole kabisa, "Ndiyo shida, mama. Ulijaribu kuiga usichokiweza. Wote tumekuona unavyohangaika nacho."

Mama Jedwali akanigeukia mimi. Hakuonekana amekasirika. Alikuwa ananiangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi anayejua jibu na hajanyoosha mkono, anampa muda. Alinipa muda mrefu. Nilisikia chini mtu anaulizia bei ya mbegu za mahindi.

"Kijana," bosi aliniuliza, "hili linarekebishika?"

"Linarekebishika," nikasema. "Nipeni nusu saa."

Haikuchukua hata nusu saa. Niliufuta ukurasa wangu nikaurudisha wake, jedwali lilelile, neno kwa neno. Safari hii nilihakikisha nimeingia kwa jina langu. Mteja alipiga simu mchana kushukuru, na bosi alinipiga begani. "Wewe ndiye mtu wa hatari," alisema. Mama Jedwali, aliyeambiwa majaribio yake yameishia pale, wakati huo alikuwa anakusanya vitabu vyake vya kudurufu kwenye mfuko wa sandarusi. Simu ya kioo kilichopasuka aliiacha ndani ya droo. Mlangoni alisimama akasema, "Mbaki salama," na mchoraji peke yake akaitikia.

Miezi minne ikapita. Nilisikia kwa mama ntilie kwamba ameurudisha ufunguo kwa mwenye nyumba na kupanda kwao Kirua.

Sijui ni nini kilichonipeleka. Labda riwaya, nilikuwa nimefika mahali ambapo mhusika wangu anaomba radhi na sikujua mtu anaombaje. Mimi nimezaliwa mjini, lakini kila Mchaga anajua habari ya isale, mmea ule wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu, unamchukulia jani la isale. Ukimpa, hawezi kulikataa. Hata kama ulimuulia mtu wake, atakaa nawe chini. Nililipenda sana hilo la kutoweza kukataa. Niliona ni njia isiyo na swali.

Nilishuka Uchira, nikachukua bodaboda hadi Kirua, na nilipofika kwenye njia ya kwao ndipo nikakumbuka kwamba mikono yangu ni mitupu. Jani sikuwa nimelibeba. Lakini isale lilikuwa limejipanga pale pale pande zote za njia, refu, limeoshwa na mvua. Nikavunja moja.

Nilimkuta uani akikatakata shina la mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Mama yake mzazi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, na mdogo wake, kijana mwenye shingo ya watu wanaobeba mizigo kichwani, alikuwa anaweka sawa kamba za mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," bibi alijibu. "Karibu. Wewe ni wa nani?"

"Ni wa ofisini kule mjini," akasema yeye, hakuacha kukata.

Yule mdogo wake alisimama. "Kule ulikotukosesha safari?" alimwambia dada yake, kisha akanicheka mimi kirafiki. "Kaka, huyu alininyima safari yangu ya njia ya Lemosho, ujue. Siku nane za mlima. Sasa namlisha na ng'ombe wangu wanamtumikisha." Ni utani wa nyumbani, wa kila siku, nilisikia ulivyochakaa.

Dada yake alifuta panga kwenye majani. Alikuwa ananipa muda tena.

Nikanyoosha jani kwa mikono miwili, nikasema niliyokuwa nimeyapanga: kwamba nimekuja kwa ajili ya yale yaliyotokea, kwamba yaliniumiza, kwamba naomba tusameheane. Yaliyotokea. Tusameheane. Sentensi zilikuwa nzuri, zenye mizani.

Bibi aliacha maharage. "Baba, hilo umelitoa wapi?"

Shina la jani lilikuwa linatoka maji, bichi. Mdogo mtu alichungulia njiani, akapiga makofi kwa kicheko. "Amelivunja pale mpakani! Mama, amevunja mpaka wetu kutuletea!"

"Uwi," bibi alisema chini kwa chini, akaangalia pembeni kama mtu aliyemkuta mgeni uchi.

Dada mtu hakucheka. Alilishika jani, akaligeuza, akaliangalia pale lilipovunjika.

"Hata hili ni letu," alisema. Akanirudishia mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake, kama mtu anayempa mtoto nauli. "Jani letu haliwezi kukuombea kwetu. Kalete la kwenu. Na ukija nalo, utamwambia huyu," akamwonyesha mdogo wake kwa panga, "nani aliandika ule ukurasa."

"Kwani nani?" mdogo wake akauliza.

Nikasema njia ina utelezi, bodaboda ananisubiri. Nilipofika mpakani nilijaribu kulichomeka jani pale nilipolivunja. Lilianguka.

Ofisini nimekaa meza ya dirishani siku hizi. Kila Ijumaa napandisha majina mapya kwenye ukurasa wa wapagazi, kwenye jedwali lake, chini ya maelezo yake yenye nukta na mkato. Jina la mdogo wake linapita mikononi mwangu kila mwezi. Naufungua kwanza kwa simu ya kwenye droo, dirishani, na nahesabu. Tatu. Tumeajiri kijana mwingine wa majaribio, ana fremuweki mpya ambayo sijaisikia, na juzi nilimsikia akimnong'oneza mchoraji kuhusu jedwali langu. Alisema langu.

Kwetu ni Kibosho. Babu yangu ana isale kuzunguka kihamba chote, alilipanda baba yake. Kulivunja lazima umwambie, na yeye lazima akuulize ni la nani na kwa kosa gani. Tangu siku ile nimepanda kwake mara mbili. Mara ya pili nilizunguka nyuma ya migomba, nikashika jani moja, nikalikunja kidogo kupima.

"Mjukuu," babu aliniita kutoka uani, "unatafuta nini huko mpakani?"

"Hamna kitu, babu."

"Basi njoo. Mtori unapoa."

Nikaliachia. Nikaenda kula.